Usukani Uliotumwa kutoka Mbale

Pikipiki yangu ni ya safari ndefu. Ndivyo alivyoniambia jirani aliyeniuzia alipokuwa anahama mtaa wetu wa Mpumudde, na sina sababu ya kumwita mwongo. Ni mimi tu ambaye kwa miaka mitatu sikuipeleka mbali zaidi ya Bugembe, tena kununua mkate. Vijana wa boda pale kwenye kona waliniuliza mara nyingi kama ile ni pikipiki au ni kabati.

Nilikuwa na jibu: mgongo. Usukani ulikuwa chini na mbele mno, nikiushika nainama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Kufika Bugembe nilivumilia. Kufika Mbale, kwa dada yangu mkubwa, mgongo ulikataa. Idi ikija, mgongo. Binti yake akiolewa, mgongo. Nikatuma salamu na zulia. Niseme ukweli: nikiwa nyumbani kwenye kiti changu, mgongo huo haujawahi kunisumbua hata dakika moja.

Na ukoo wetu ni wa watembeaji. Babu wa babu yangu alikuja na jeshi kutoka Sudan, kwa miguu, bunduki begani. Mimi nimerithi rimoti.

Basi siku moja dada akapiga simu. "Wewe, mzigo wako uko kwenye teksi. Nenda Bugembe ukaupokee."

Nikakuta usukani umefungwa kwa gunia, mrefu, mikono yake imepanda juu kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Aliutafuta mwenyewe kwa wauza spea wa Mbale. Alijuaje kipimo? Mke wangu alikuwa amezungushia uzi wa cherehani kwenye ule wa zamani, mchana, mimi nikikoroma sebuleni.

Nikampigia dada kumshukuru, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

"Sasa mgongo utanyooka," akasema. "Jumapili nakupikia. Usipokuja safari hii, mdogo wangu, sitakuita tena. Si kwamba nimekasirika. Nitaacha tu."

Dada yangu hugombana na kila mtu, na akikugombeza ujue mko salama. Ule upole ndio ulionitisha.

Fundi akaja nyumbani Ijumaa baada ya swala. Ananiita afande, kwa sababu naongea Kiswahili, ambacho kwetu ni lugha ya wanajeshi, basi. Akafungua usukani wa zamani, akafunga mpya kwa kuulegeza kidogo, akaniambia nipande ili apate mwinamo wake sawasawa.

"Kaa namna unakaa siku yote, afande."

Nikakaa. Nikateleza nyuma kidogo, nikashusha mabega, nikanyoosha miguu. Fundi akamtazama mke wangu, mke wangu akatazama ukuta.

"Afande, hapo unaendesha ama unaangalia mpira?"

Nikakaa upya, wima, kama kwenye picha ya pasipoti. Akakaza boliti. Mikono yangu ikafikia usukani bila kuinama, na mgongo, yule shahidi wangu wa miaka yote, ukanyamaza kabisa. Nikabaki na tumaini moja, kwamba pikipiki yenyewe itakataa. Tukawasha, nikageuza usukani kushoto, na injini ikanguruma yenyewe bila mimi kugusa mafuta.

"Hata yenyewe imeshtuka kusikia unatoka," akasema mke wangu.

"Hii waya ya mafuta ni fupi," akasema fundi. "Usukani imepanda, waya imebaki chini. Ukikata kona, inajivuta."

Sikucheka, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Ukiingia kona na injini ikakimbia yenyewe, unaishia shambani kwa watu. Nani angenilaumu? Nilishaanza kutafuta simu mfukoni.

"Usipige," akasema mke wangu. Safari hii hakuwa anatania. "Mwache fundi amalize."

Fundi akaitoa ile waya kwenye njia yake, iliyokuwa inazunguka mbele ya taa, akaipitisha nyuma karibu na tangi. Waya ya klachi akafanya vivyo hivyo. Mpira wa breki akaenda kutafuta mwingine mrefu, akarudi nao, akajaza oili. Nikageuza kushoto, nikageuza kulia. Injini ilitulia kama maji ya mtungi.

Jumapili nikaondoka. Vijana wa boda walisimama wakapiga saluti. Iganga nikapumzika, Tirinyi nikapumzika, kila penye kivuli nikapumzika, hadi mlima wa Wanale, ulio juu ya Mbale, ukatokea mbele na sikuwa na pa kukimbilia.

Dada alikuwa mlangoni. Hakuja kunipokea, alisubiri nifike. Tulipoingia ndani nikaona ameshika ukuta, kisha meza, kisha kiti, akienda hatua kwa hatua.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Nyonga."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungekuja mbio na sura ya msiba. Mimi nilitaka mgeni." Akaketi, akasukuma sinia la pilau kwangu. "Kula. Na hilo vumbi kwenye nyusi linakufanya uonekane mtu wa maana."

Nilikula bila kuinua macho. Baadaye akataja, kama jambo dogo, kwamba daktari anamtaka Alhamisi, na kwamba mara mbili zilizopita hakwenda kwa kukosa wa kumshika mkono.

Nikatoka uani, nikampigia mke wangu. Nikamwambia narudi Ijumaa.

"Nani mwenzangu?" akauliza.

"Ni mimi."

"Hapana, kaka. Mume wangu namjua. Huyo halali kwenye kitanda cha watu."

Akakata. Kisha akapiga tena, anataka kujua nimebeba nguo ngapi.