Karani wa Maoni na Choo cha Msituni

Umma unatangaziwa kwamba choo cha matundu mawili kitajengwa kwenye lango la msitu wa taifa, ila jembe halitagusa udongo kabla karani wa maoni hajamsikiliza kila mwenye mdomo. Karani huyo hulamba kidole, hugonga fomu mezani mara tatu, kisha husoma kila pingamizi kwa sauti ya kusoma wosia, hata lile lisemalo, “Choo cha nini, na miti yote ile?” Mama anayeongoza wageni msituni, aliyechoka kuwaelekeza vichakani, humchungulia dirishani kila asubuhi.

“Kaka, bado tu?”

“Siku za kupokea maoni hazijaisha, dada. Umma haukimbizwi.”

Siku ya mwisho ikaingia fomu moja: choo kitasumbua nyuki. Mwingine angeigonga muhuri akarudia chai yake. Yeye alivaa kofia akaenda kupima. Jioni alirudi jicho limefumba, mdomo umevimba kama puto, akaandika: “Lango hadi mzinga, hatua mia nne na tatu. Mradi uendelee.”

Mama akapiga kigelegele, halafu huruma ikamwingia.

“Pole, kaka. Kumbe nyuki wenyewe wanapinga!”

“Hawakujaza fomu,” akasema karani.