Maji ya Saa Nne

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka kazini na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa karatasi ya kaki na utepe juu yake, utadhani zawadi ya harusi. "Mama, hebu nusa," akaniambia. "Sabuni ya mwani hii, watu wanaigombania." Nikanusa. Chini ya marashi yote waliyoitia, ile harufu ilikuwepo: chumvi, jua kali, na kitu kinachotaka kuoza lakini hakiozi. Nilicheka mpaka nikakaa kitako. Mtoto akabaki ananishangaa. Yeye hajawahi kunusa uwanja wa nyumba yetu ya Mlingotini siku mwani umeanikwa, wala hajui kwamba nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilisugua mikono yangu kwa ndimu, siku tatu mfululizo, ili harufu hiyohiyo isinifuate shuleni.

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni akinitazama nikisugua. Nami, kwa akili zangu za wakati ule, nikadhani hajaelewa.

Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana pale Bagamoyo mjini. Kutoka kwetu si mbali, siku hizi unapanda bodaboda na hata pipi haijaisha mdomoni umeshafika, lakini kwangu ilikuwa kama nimevuka mpaka wa nchi. Nilifika na tranka la bati, ndoo ya kijani, na fagio la chelewa ambalo mama alilifunga kwa kipande cha kamba yake ya kulimia mwani. Kamba ile niliikata nikaitupa kabla sijaingia getini. Ndiyo, niliitupa, msinikodolee macho.

Kitanda changu kilikuwa cha juu. Cha chini kilikuwa cha Salha, binti wa palepale mjini, wa ukoo wenye asili ya Omani, ambaye babu na baba yake walikuwa wauza vitambaa. Alipofungua tranka lake bweni zima lilinukia udi. Akanikaribisha vizuri tu, akanipa haluwa, halafu akauliza kama watu wanavyoulizana, "Na kwenu mnafanya nini?"

"Mama yangu ana duka," nikasema.

"La nini?"

"La vyombo."

Lahaula! Vyombo vyenyewe sijui nilivitoa wapi. Nyumbani tulikuwa na sufuria tatu, moja haina kifuniko. Lakini neno likishatoka huliokoti, basi nikaishi nalo. Kila Salha alipotaja duka lao, nami nikataja letu, na kadiri siku zilivyokwenda nililipanua, nikaliwekea hata mizani.

Wiki zile za mwanzo nilijifunza watu kuliko masomo. Sisi wa kidato cha kwanza tuliitwa njuka, na njuka alikuwa na kazi moja kubwa: kuamkia. Msichana amekuzidi miaka mitatu tu, tena usiku analala na mdoli, lakini ukikutana naye bombani sharti useme shikamoo huku umeinama, naye aitikie "marahaba" kwa sauti ya kukohoa kama bibi wa wajukuu kumi. Tulichekea moyoni, na tuliamkia.

Mkuu wa shule alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa Pangani, mwembamba, aliyetembea bila kusikika. Tulijua amefika kwa sababu kelele zilikufa zenyewe, kuanzia nyuma ya darasa kuja mbele. Na alikuwepo Mwalimu Komba wa Jiografia. Huyu alitoka Songea, na katika joto lile la Bagamoyo alivaa soksi ndefu zilizovutwa mpaka karibu na magoti. Alikuwa akichora ramani ya Afrika ubaoni kwa mstari mmoja, bila kuinua chaki, bila kutazama kitabu, anaanzia Tunisia anazunguka mpaka anarudi Tunisia, na darasa zima linashusha pumzi. Nilimpenda kuliko walimu wote. Ila bahari ilikuwa haielewani naye. Aliiogopa waziwazi. Na alikuwa na msemo wake, akibishiwa jambo lolote: "Mimi nimeliona kwa macho yangu mawili." Hapo mjadala umefungwa.

Ikafika Jumapili ya wazazi kututembelea. Mama alikuja na baibui jipya, na kapu la vitumbua na samaki wa kukaanga. Nikashangaa kuona vidole vyake vyote vimepakwa hina, nyeusi, nzito, mpaka viganjani. Nikajisemea labda kuna harusi kwa jirani. Tukakaa kwenye kibaraza cha jiko, na kabla hajamaliza kufungua kapu Salha huyo, anakuja na adabu zake zote.

"Shikamoo mama. Dukani hawajambo?"

Mama alinitazama, si kwa muda mrefu, muda wa mtu kufunga kifungo kimoja tu. Halafu akamgeukia Salha.

"Marahaba mwanangu. Hawajambo, tunamshukuru Mungu. Karibu kitumbua."

Wakala, wakazungumza, wakacheka. Mama hakuniuliza kitu siku ile, wala mimi sikuthubutu kumtazama usoni. Alipoaga alinishika kichwa kama kawaida yake akaondoka. Nilishukuru kwamba mambo yamepita salama. Fikirieni, nilishukuru!

Ilikuwa Jumatatu moja ya muhula uleule, kwenye paredi ya asubuhi, Mwalimu Komba aliposimama mbele na kutangaza kwamba Jumamosi inayokuja kidato cha nne watakwenda Mlingotini kujifunza habari za ufukwe, mikoko na kilimo cha mwani. Akina mama wakulima wamekubali kuwapokea. Lori limeazimwa. "Juzi Jumamosi nimekwenda mwenyewe," akasema. "Saa nne kamili asubuhi nimesimama mchangani, bahari iko kule mbali, mashamba yote ya mwani yako wazi. Nimeona kwa macho yangu mawili. Kwa hiyo Jumamosi hii, saa nne kamili, tuko pale. Nani ana swali?"

Mtu yeyote wa kwetu, hata mtoto wa miaka sita, angejua. Jumamosi aliyokwenda Mwalimu Komba mwezi wa angani ulikuwa na siku kumi na tano, maji ya bamvua, na bamvua asubuhi kama ile bahari hukimbia ikaacha kila kitu mchangani. Jumamosi inayokuja ungekuwa ishirini na mbili, maji mafu, na saa nne ile ile maji yangekuwa yamejaa mpaka kwenye mikoko. Hawa wasichana wangeshuka kwenye lori wakakuta bahari imefunika kila kitu. Mtihani wao ulikuwa karibu, na lori lenyewe lilikuwa la kuazima.

Bi Zuhura angejua, maana ni mtu wa pwani, lakini asubuhi ile alikuwa ofisini. Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyenyoosha mkono. Na mimi ningenyoosha vipi? Njuka hasemi kwenye paredi. Na hata nikisema, lazima wataniuliza nimejuaje, na jibu lake lilikuwa moja tu. Binti wa mwenye duka la vyombo atajuaje maji ya Mlingotini?

Nilimfikiria mama akiwapokea wasichana wale. Nikamwona amesimama ufukweni na wenzake, kilemba kichwani, wanawangoja wageni wa heshima kutoka sekondari, na maji yamejaa, na wasichana wa kidato cha nne wanawacheka kwamba wamewadanganya. Hapo nikajikaza kisabuni, nikanyoosha mkono.

"Haya, wewe njuka."

"Mwalimu, Jumamosi saa nne maji yatakuwa yamejaa."

Paredi nzima ilicheka. Msichana mmoja wa kidato cha nne akapaza sauti, "Njuka kawa mtabiri!" Mwalimu Komba akainua mkono wakanyamaza. Akanitazama juu ya miwani.

"Mimi nimeona kwa macho yangu mawili. Wewe umejuaje?"

Salha alikuwa amesimama mbele yangu. Niliona amegeuka kunitazama.

"Kwa sababu mama yangu analima mwani Mlingotini," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Na mimi nalima naye tangu nikiwa mdogo. Jumamosi mwezi utakuwa ishirini na mbili. Tungojee Jumamosi ya pili, mwezi ishirini na tisa, bahari itatoka tena."

Hakuna aliyecheka mara hii. Mwalimu Komba aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema, "Nitakwenda kuangalia," akatuachia tuingie madarasani.

Jamani, wiki ile niliionja. Niliitwa Mama Mwani kutoka bwenini mpaka bwaloni. Kuna waliozibana pua nikipita. Lakini lililoniuma ni Salha. Hakunitukana. Aliacha tu kusema nami. Alitandika kitanda chake, akafunga tranka, akaenda zake, siku nne. Siku ya tano nikamwambia samahani. Akanijibu bila kugeuka, "Ungeniambia tu, Mwanaidi. Mimi nilikuwa namwombea dua mpaka mwenye duka asiyekuwepo."

Jumamosi ikafika, na safari ikawa haijafutwa wala haijathibitishwa. Alfajiri Mwalimu Komba aliondoka kwa baiskeli peke yake. Saa sita alirudi, na shule nzima ilikuwa madirishani. Suruali ilikuwa imelowa mpaka mapajani. Zile soksi ndefu amezishika mkononi, zinachuruzika. Baadaye tuliambiwa kwamba alisimama palepale alipokuwa amesimama Jumamosi iliyopita, saa nne kasoro, akakataa kusogea, anatazama saa yake, na bahari ikamjia. Alipita katikati ya uwanja, akanikuta nimeshika fagio, akasimama.

"Mwezi ishirini na tisa," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Saa nne?"

"Saa tatu na nusu ni nzuri zaidi."

Akaenda kwa Bi Zuhura, lori likasogezwa wiki moja, na kwenye orodha ya kidato cha nne yakaongezwa majina mawili ya njuka: langu na la Salha.

Siku ile bahari ilikuwa imekwenda mbali, kama nilivyosema. Mchanga ulikuwa umepigwa mistari na maji, vigingi vimesimama safu kwa safu, na mwani unalala kwenye kamba zake, kijani na kahawia, unang'aa. Wasichana walikaa mchangani na madaftari. Na kule mbele akatokea mwanamke anakuja kutoka shambani, kanga imelowa na kukunjwa mpaka magotini, gunia la mwani kichwani, hatua za taratibu. Alikuwa mama.

Mwalimu Komba akapiga makofi mara moja. "Mwalimu wenu amefika. Simameni!"

Na wale wakubwa tuliowaamkia shikamoo bombani, wote, wakasimama kwa pamoja, kama wanavyosimama mwalimu akiingia darasani, wakaimba kwa Kiingereza kilekile cha kila asubuhi: "Gudi moning, madam!"

Mama alishtuka, gunia nusura limwanguke. Kisha akanyooka. "Marahaba, wanangu," akasema. "Kaeni."

Akawafundisha kwa saa nzima. Namna ya kufunga mche usikatike. Kwa nini kamba isigotane na kamba. Maji ya bamvua na maji mafu, tarehe baada ya tarehe, kwa vidole vyake. Wasichana waliuliza, yeye akajibu, na Mwalimu Komba, miguu mitupu kwa mara ya kwanza machoni petu, aliandika haraka kuliko wanafunzi wake. Mimi nilikaa nyuma. Nilitaka kusimama nipige kelele kwamba huyu ni wangu, mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake.

Tulipokuwa tunaondoka Salha alimwendea. Nikaogopa. Akainama, akamwamkia, halafu akasema, na macho yake yanacheka, "Mama, dukani hawajambo?"

Mama aliangua kicheko. Akanyoosha mkono kuelekea bahari yote ile. "Duka ndilo hili, mwanangu. Karibu." Wakakumbatiana, na baibui la Salha likalowa lote. Siku ile mikono ya mama haikuwa na hina. Ilikuwa mitupu, imechanikachanika na kamba, kucha zimeliwa na chumvi. Niliiona, wala sikuifikiria.

Niliifikiria baada ya miaka kumi na mbili, mkesha wa ndoa yangu. Fundi wa hina alikuwa amenimaliza mikono yote miwili, nimeinyoosha juu ya mito ikauke. Salha, ambaye ndiye aliyemleta fundi, akamvuta mama: "Na mama naye apakwe! Mama wa bibi harusi huyu!"

Mama akarudisha mikono nyuma. "Nisamehe, mwanangu. Hina siipendi tangu utoto wangu, harufu yake inanichafua moyo. Nimeipaka mara moja tu maishani mwangu."

"Harusi ya nani?" Salha akauliza.

"Haikuwa harusi," mama akasema, akainuka kwenda kuangalia chai.

Nilikaa pale nikaiona tena ile Jumapili, vile vidole vyeusi juu ya kapu la vitumbua, na nyuma yake nikajiona mimi uani nasugua ndimu, na yeye mlangoni, ananitazama nikiikimbia harufu ya mikono yake. Machozi yalinitoka kama ya mtoto, na hina ilikuwa mbichi, siwezi hata kujifuta. Mama aliporudi na chai akanikuta hivyo. Aliweka kikombe chini akanifuta uso mwenyewe, kwa kiganja chake kile kinachokwaruza.