Maji niliyoyaficha katika ramani ya Makere

Ndugu msimamizi wa ukurasa huu, niwie radhi. Uliniomba kisa cha kazini kwangu mwaka jana, nami nikanyamaza kwa aibu. Jina langu lifiche.

Nina miaka sitini na mitatu, ni mstaafu na mzee wa kanisa hapa Kasulu. Niliongoza kitengo kidogo kilichotumia programu ya kompyuta kuigiza jinsi mafuriko yanavyoenea mabondeni. Nilifanya kazi na mtaalamu mmoja, binti kutoka kijiji cha Kasanda. Nitamwita Yustina.

Programu ile humruhusu mtu kuhifadhi mipangilio ya mwonekano, yaani rangi na vipimo, kipi kionekane na kipi kifichwe, kisha kuipakia tena siku nyingine. Mimi nilikuwa na mipangilio yangu ya kazi ya bwawa. Ilionyesha maji ya kina kirefu tu. Yasiyofika kiunoni hayakupakwa rangi. Niliizoea.

Kwenye mkutano wa wakulima Makere nikaipakia hiyohiyo. Yustina akaninong'oneza, "Baba, hiyo ni ya bwawa. Ya mashamba nimeshaiandaa, tubadilishe."

Nikamjibu kwa sauti, "Binti, kompyuta nimeishika wewe ukiwa bado unanyonya."

Watu wakacheka, bila kujua alichoniambia. Akakaa.

Kwenye picha iliyomulikwa ukutani bonde lilionekana jeupe, isipokuwa mstari wa buluu mtoni. Mama mmoja mjane akauliza, "Kwa hiyo huku chini pakavu, mzee?"

"Unajionea mwenyewe," nikasema.

Msimu ule aliacha shamba lake la mlimani, akapanda maharage yote bondeni. Wenzake wakamfuata. Maji yalifika magotini tu, lakini yalikaa siku tisa. Maharage yote yakaoza. Kompyuta ilikuwa imeyahesabu maji yale. Mimi ndiye niliyeyaficha.

Wakubwa walipouliza nani aliandaa picha, nilisema, "Kompyuta aliiendesha Yustina." Alinitazama, kisha akainamisha macho. Hakutaka kubishana mbele ya watu na mtu wa rika la baba yake. Mkataba wake haukuendelezwa. Yuko Kasanda analima, na hakuna ofisi iliyomwajiri tena.

Mwezi uliopita niliitwa ofisini kusaidia kuhamisha kumbukumbu za zamani. Nikakuta mipangilio aliyoihifadhi siku moja kabla ya mkutano, ameiita "Makere mashamba". Nikaipakia. Bonde lote likawa buluu, hadi mlangoni kwa yule mjane. Nililia mbele ya vijana wa ofisi.

Nyumbani mke wangu alisema, "Baba Yohana, mambo yameshapoa. Unataka wajukuu wako wanyooshewe vidole?"

Juzi sokoni yule mjane alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwakeye, mzee. Wewe ulisoma ulichopewa. Yule binti ndiye aliyetuponza. Mungu atamlipa."

Nikaitikia salamu yake ya Kiha. Sikuongeza neno.

Nyinyi mnaosoma, nishaurini bila kunionea haya. Nianzie Kasanda kwa Yustina, au nisimame kwanza mbele ya watu wa Makere? Au ninyamaze, kama mke wangu anavyotaka? Nikishaamua nitawaandikia, hata kama uamuzi wenyewe utanifedhehesha.