Sakafu ya Samadi

Nimerudi Mbulumbulu kumzika bibi, na nilipoingia kanisani niliteleza nusura niwaangukie wazee. Kanisa letu limewekwa vigae, rafiki yangu, vyeupe vya kung'aa, kama vya bafu za hoteli za watalii kule Karatu mjini.

Zamani ilikuwa sakafu ya udongo. Kila Jumamosi wanawake na wasichana waliisiriba kwa samadi mbichi iliyochanganywa na majivu. Mimi nilitaka kwaya. Mwalimu wa kwaya alinisikiliza ubeti mmoja tu, akanishauri kwa upole nimtumikie Bwana kwa njia nyingine. Nikaishia kwenye ndoo ya samadi.

"Mshukuru Mungu, mwanangu," alisema jirani yetu, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika. "Samadi haina sauti ya kwanza wala ya pili."

Bibi hakucheka. "Kesho watu watapiga magoti hapa na shida zao. Wewe ndiye unayewatandikia."

Nimesoma hadi chuo kikuu, na hakuna aliyewahi kunieleza kazi yangu duniani kwa ufupi namna ile.

Kusiriba kuna utaratibu wake: unaanza madhabahuni, unarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Jumamosi yangu ya kwanza nilianzia mlangoni. Nilipoinua kichwa nilikuwa madhabahuni, na sakafu yote kati yangu na mlango ni mbichi. Wanawake walicheka wakashika mbavu.

"Mchungaji kajifungia!" jirani alipiga kelele.

"Kaa hukohuko mpaka ikauke," bibi akasema kutoka mlangoni. "Zungumza na mwenye nyumba."

Nikakaa. Ukungu wa msituni ulikuwa unaingia madirishani, makande yanatokota huko nje, mikono yangu inanuka zizi. Sikuomba chochote. Nilijua tu kwamba mwenye nyumba yupo, na kwamba hapo ni mahali pangu. Sijawahi kujua hivyo tena. Nimeandika makala nyingi kuhusu imani, baadhi zikasifiwa, na zote ziliandikwa na mtu anayeitafuta asubuhi ile.

Ndiyo maana, siku iliyofuata mazishi, nilimfuata jirani, ambaye sasa ni mkongwe na ndiye anayetunza ufunguo wa kanisa. Nikamwomba kazi yoyote humo ndani. Nilijidanganya kwamba mikono ikirudi kazini, sala nayo itarudi.

"Dokta, wewe kaa kwenye kiti," alisema. "Usafi una mtu wake siku hizi. Na hilo gauni?"

"Bibi angenipa ndoo."

"Bibi yako tumemzika jana, mwanangu."

Nadhani alinihurumia, maana alinifungulia, akanionyesha ndoo na tambara la kudekia. Nikaanza madhabahuni, kwa magoti. Maji yalinukia sabuni ya dukani. Nilisikiliza. Kabla sijafika katikati, kule nilikoanzia kulikuwa kumeshakauka, kama vile hakuna mtu aliyepita. Nikaendelea kurudi kinyumenyume, safari hii bila kukosea hata kidogo, mpaka magoti yakagusa vumbi la uani.

"Haya, pametakata," jirani alisema. Akafunga kufuli, akaondoka na ufunguo wake. Nilibaki nje, nimepiga magoti, ndoo mkononi.