Bei ya Trekta la Baba

Kwanza nieleze kwamba trekta lenyewe ni dogo. Mtu akisikia trekta anafikiria yale makubwa yanayolima mashamba ya mpunga huku bondeni, yenye magurudumu yanayomzidi mtu kimo. La baba yangu lilinifika kiunoni. Lilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya watu wenye bustani nyuma ya nyumba, likaletwa Ifakara na padre mmoja Mzungu aliyependa kulima mboga, na padre alipozeeka na kurudi kwao akamwachia Baba, aliyekuwa mtunza bustani wake. Wakati huo nilikuwa nasoma shule ya msingi. Sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, nakaribia kustaafu, na trekta bado linawaka.

Linawaka kwa masharti. Unavuta kamba, unavuta tena, mara ya nne au ya tano linakohoa, moshi mweusi unatoka, kuku wanakimbilia kwa jirani. Kwenye udongo mkavu wa bustani lilifanya kazi ya watu sita. Kwenye matope halikufaa kabisa, na kwetu Lumemo matope ndiyo sehemu kubwa ya mwaka. Nimelisukuma nikiwa na sare ya shule, nimelisukuma nikiwa mjamzito, na siku ya harusi yangu, baada ya Baba kung'ang'ania kwamba lazima linipeleke kanisani, alilisukuma bwana harusi. Nilifika nimechelewa saa nzima, na mume wangu mtarajiwa amechafuka kuliko fundi gereji.

Baba alifariki mwaka juzi, Mama akabaki peke yake katika nyumba ya karibu na mto. Masika iliyofuata maji yaliingia ndani. Nilimkuta Mama amekaa juu ya meza ya chakula, kuku wawili mapajani, redio inaimba, kana kwamba anasubiri kuhudumiwa. Nilimwambia anahamia kwangu Viwanja Sitini, ambako maji hayafiki. Sikumuuliza, nilimwambia. Akajibu sawa, atakuja, ila hawezi kuliacha trekta la marehemu lioze peke yake. Liuzwe kwanza, lipate mtu wa kulitunza, ndipo naye atafunga mizigo. Niliona hiyo ni kazi ya wiki moja.

Mpaka Januari trekta lilikuwa bado chini ya banda lake, na Mama bado Lumemo, na masika nyingine ilikuwa mlangoni. Nilikuwa silali vizuri. Kila wingu lililotokea upande wa milimani nililichukulia kama mtu anayekuja kumdhuru mama yangu.

Shida ilikuwa bei. Kitu ambacho mji mzima hakuna mwingine mwenye nacho, utakilinganisha na nini? Nilimpeleka fundi mmoja akalizunguka mara tatu, akalipiga teke tairi la nyuma, akafuta mikono ingawa hakuwa amegusa chochote. "Mwalimu, hili ni laki nane kwa mtu anayelihitaji," akasema. "Sasa kazi ni kumpata anayelihitaji." Tukakubaliana na Mama: laki nane. Nikaweka picha kwenye simu watu waione. Mwalimu mwenzangu aliuliza kama linauzwa pamoja na mtoto wa kulichezea. Mfugaji mmoja wa Kisukuma alikuja mwenyewe kulitazama, akalitazama kwa heshima zote, akasema ng'ombe wake huwa hawavutwi kamba ndipo waamke, akaaga.

Mnunuzi wa kweli wa kwanza alitoka Chita. Mzee mpole, alikuja na treni, pesa kazifunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya soksi. Alikuwa na bustani ya nyanya mahali pakavu. Nilipomwona nilishukuru Mungu kimyakimya. Mama akamkaribisha chai, kisha akaanza kumweleza ubovu wa trekta bila kuulizwa. Halipendi matope. Breki inashika upande mmoja. Kiti cha chuma, jua likiwaka kinachoma. Mzee akasema hayo yote anayaweza, je, bei?

"Milioni moja," Mama akasema.

Nilikohoa. Mama hakunitazama. Mzee alianzia laki sita, akapanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, chai ikapoa, ikaletwa nyingine, mwishowe akafika. "Haya mama yangu. Milioni moja, basi."

Mama akamwongezea chai. "Nilisahau jembe lake," akasema. "Pamoja na jembe ni milioni moja na laki mbili."

Mzee akashusha kikombe. Akafikiri, akapanda tena. Alipofika kwenye laki mbili za jembe, Mama akamuuliza trekta litalala wapi, banda lake la makuti au la bati, na kama watoto wa kwake wana tabia ya kurusha mawe. Yule mzee alivaa soksi yake na kurudi Chita na treni ya jioni.

Nimekulia kwenye masoko ya huku. Nimeona wauzaji wanaokasirika mteja akitaja bei ya chini. Sijawahi kuona muuzaji anayekasirika akikubaliwa. Nilimwambia Mama maneno mengi siku ile, na nakiri kwamba mengine niliyasema kwa sauti ya mstarini, ile inayofika mpaka kwenye vyoo vya wavulana. Nikamwambia angekuwa mwanafunzi wangu ningemsimamisha ukutani. Mama akaosha vikombe.

Wa pili alikuwa mnunuzi wa chuma chakavu, na huyu kosa ni langu, nilimwita mwenyewe kwa hasira. Alikuja na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza, akasema atalipa kwa kilo. Mama akamtazama, akamwomba ajipime yeye mwenyewe kwanza. Akadhani ni kujaribu mizani, akaning'inia. Mama akasoma kilo zake, akazidisha kwa bei aliyotaja, akamwambia, "Mwanangu, umeona thamani yako? Nenda salama." Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikachagua kufoka.

Jumapili moja baada ya misa akatokea mtani.

Sisi ni Wapogoro, yeye ni Mngoni, na kwa hiyo ni watani tangu enzi za mababu. Maana yake anaweza kutuambia lolote, mahali popote, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Siku ya mazishi ya Baba alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akakunja mikono kifuani, akatangaza kwamba hatoki mpaka alipwe, kwa sababu marehemu alikuwa mbishi na huko aendako atahitaji mtu wa kumtangulia kuomba radhi. Tulimlipa elfu tano na jogoo. Mama, ambaye siku tatu alikuwa hajafungua mdomo, alicheka mpaka akashikwa mabega. Tangu hapo yule mtani hana kosa mbele yake. Ana mashine ya kukoboa mpunga hapo mjini, na nyuma ya mashine ana mlima wa pumba ambao kila siku lazima mtu auhamishe.

Alitukuta barazani, Mama anachambua mchele kwenye ungo, mimi nasahihisha mitihani.

"Nimekuja kumchukua mjane na chuma chake," akasema. "Mjane namchukua bure. Chuma nitalipia."

"Wewe Mngoni hata mbuzi huna pa kumlaza," Mama akajibu bila kuinua macho. "Milioni moja na nusu."

"Sawa."

Mama akaacha kuchambua. "Na laki tatu za jembe."

"Sawa."

"Tela hakuna."

"Ninalo la kwangu."

"Banda?"

"La bati jipya. Bora kuliko hii nyumba yenu inayoogelea."

Mkono wa Mama ukabaki hewani na punje moja ya mchele kati ya vidole. "Basi ni milioni tatu," akasema kwa sauti ndogo.

Hapo nilisimama. Karatasi zikaanguka. Nilimwambia Mama kwamba anatuaibisha, kwamba mvua haitasubiri mchezo wake, kwamba mwaka huu sitakuja kumwokoa juu ya meza, na ningeendelea kama mtani hangeninyooshea kidole.

"Mwalimu, kaa chini."

Nina miaka zaidi ya ishirini sijaambiwa na mtu nikae chini. Nikakaa.

"Mimi nimefanya biashara maisha yangu yote, mtu anayeuza namjua," akasema. "Huyu mke wangu hauzi kitu. Trekta likiondoka atahamia kwako, na anakuogopa. Kaona afadhali mto."

Nilisubiri Mama acheke, kwa sababu ulikuwa utani, na watani husema ovyo. Mama hakucheka. Alikuwa ameinamia ungo wake, anaondoa mawe ambayo hayakuwepo.

"Ni utani tu huo," nikasema.

"Utani ndiyo," mtani akajibu. "Ndiyo maana nimeweza kuusema mimi. Wengine walishindwa."

Nikamgeukia Mama. Nikamuuliza kama ni kweli, na nilijitahidi sauti iwe ya chini, nayo ikatoka ya chini lakini ngumu, kama ya mtu anayeuliza nani kavunja kioo. Mama akaweka ungo pembeni.

"Krismasi ile nilipokuja kwako," akasema, "mvua ilikuwa imeninyeshea njiani, nilikuwa na matope miguuni. Ukanisimamisha mlangoni mpaka msichana wako alete ndoo. Ulisema vigae ni vipya. Msichana alikuwa ameenda dukani, mwanangu. Nilisimama sana. Wageni wako wakawa wanapita, wananiamkia hapohapo."

Nilivikumbuka vile vigae vizuri kabisa, rangi yake, duka nilikonunua, hata fundi aliyeviweka. Mama kusimama pale sikukumbuka hata kidogo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Miezi yote ile niliyokuwa natazama mawingu, nilidhani namwokoa na maji.

"Nisamehe, Mama," nikasema.

Mama akapangusa mikono kwenye khanga yake. "Umeomba msamaha kama unasoma matokeo ya darasa la saba," akasema.

Mtani akacheka mpaka akaegemea nguzo. Nikaomba tena. Ya pili ilitoka vibaya zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia, na mimi nikilia napiga chafya. Mama akanipa upindo wa khanga yake.

"Haya," mtani akasema, "sasa tuzungumze bei kama watu."

"Laki nane," Mama akasema.

"Laki sita. Nimewapatanisha, hiyo nayo ni kazi."

"Mngoni mwizi wewe. Laki nane."

Walibishana mpaka jua likahamia upande wa pili wa baraza, na safari hii Mama alikuwa anashuka anapotakiwa kushuka, anaapa anapotakiwa kuapa, anasimama kuondoka kwenye nyumba yake mwenyewe na kurudishwa. Wakaishia laki saba na gunia moja la mchele. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu ni mfanyabiashara hodari. Alinisomesha kwa kuuza nyanya.

Tulihama Jumamosi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imepiga, ya kwanza nzito. Mtani alikuja na tela lake, akalifunga nyuma ya trekta, tukapakia kitanda, masufuria, redio, matenga mawili ya kuku na Mama juu ya godoro. Akakaa pale na mwavuli, anaamkiwa na barabara nzima, na kila aliyesema shikamoo alijibiwa marahaba na kuambiwa kwamba trekta limeuzwa, bei ikitajwa. Tulikwama mara mbili, na mara zote Mama akashuka matopeni kupunguza mzigo. Nililisukuma nikiwa na gauni la kazini, pembeni yangu mume wangu, mwenye uzoefu. Tulipofika Viwanja Sitini hakukuwa na mtu msafi miongoni mwetu.

Mama akashushwa. Akapanda ngazi mbili za baraza langu, akafika mlangoni, akasimama. Alitazama vigae, akatazama miguu yake iliyojaa tope mpaka kwenye vifundo, halafu akageuka kunitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mazuri njia nzima, na yote nikayasahau.

"Ingia, Mama," nikasema.

"Na miguu hii?"

"Ingia nayo."

Akaingia. Aliweka mguu wa kwanza polepole, kisha wa pili, kisha akavuka sebule yote mpaka kwenye kochi la mwisho, lile la kitambaa cheupe, akakaa. Nyayo zake zilikuwa sakafuni moja baada ya nyingine, na mimi nilizitazama tu, mikono nimeishika nyuma.

Mtani naye, aliyebeba tenga la kuku kichwani, akaanza kupanda ngazi na mabuti yake yenye nusu ya barabara ya Lumemo. Huyo nilimfokea. Nilimfokea kwa sauti ya mstarini, majirani wakachungulia madirishani, akabaki ameganda na mguu mmoja juu.

"Mwache asimame hapo," Mama akasema kutoka ndani. "Leo ni zamu yake."