Ngazi ya Chumba cha Saba

"Ni Pang mwenyewe aliyetusemea kwa wakaguzi," alisema Hongxia, jirani wa chumba cha sita, huku akikunja maboksi bila kuinua macho.

Qiaoyun alikuwa akitia vifungo vya nguo kwenye vifuko, mwanawe Miao mgongoni. Mikono yake ilisimama.

"Dada Hongxia, usiseme hivyo. Mzee Pang anayetupangisha?"

"Basi niite mwongo. Shemeji yangu anafagia ofisi za kijiji, kamwona kwa macho yake. Amekaa mbele ya mkaguzi anataja vyumba kimoja kimoja. Cha tatu, cha tano, cha saba. Cha saba ni cha nani, cha bibi yangu?"

Cha saba kilikuwa cha Qiaoyun. Na cha tatu kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi, karatasi yenye mhuri mwekundu imebandikwa mlangoni, godoro la watu limeachwa nje juani.

Ghala lile la pembezoni mwa mji wa Foshan, kusini mwa China, lilisimama mahali palipokuwa bwawa, na katika bwawa hilo Pang alifuga samaki ujanani. Kijiji kilipoyafukia mabwawa na kujenga maghala, yeye alikodi ghala zima, akaligawa kwa mabati, akawapangisha wenye kazi ndogondogo. Alipima vyumba kwa hatua zake. Akifika kwa mwenye mtoto alirefusha hatua mpaka mishono ya suruali ikalia, ili chumba kihesabiwe kidogo na kodi ipungue.

Kulala ghalani kulikatazwa. Lakini karibu kila chumba kilikuwa na dari ya mbao, na juu yake godoro, kwa sababu anayefanya kazi mpaka macho yanafumba hana mahali pengine pa kwenda. Wakaguzi walipotokea barabarani, Pang alipita mbio akigonga milango ya bati kwa shada lake la funguo, mara tatu kila mlango. Kina mama walijua la kufanya. Unapanda na mtoto, unavuta ngazi juu, unaziba tundu kwa ubao, unanyamaza. Miao alikuwa na miaka miwili tu, naye alikwishajifunza. Akisikia funguo, anaweka kidole mdomoni mwenyewe.

Qiaoyun aliacha vifungo vyake, akaenda mpaka kibanda cha Pang kilichokuwa langoni. Birika la chai lilikuwa limepoa. Funguo zote zilitolewa kwenye shada, zimepangwa mezani, kila moja na karatasi yake.

"Mzee, watu wanasema..."

"Wanasema kweli."

Qiaoyun alidhani atakana. Alikuwa amejiandaa kumwamini.

"Lakini wewe ndiye uliyetufundisha kujificha!"

"Ndiyo, mama. Mimi. Kaa."

Hakukaa.

"Ule moto wa ng'ambo ya mfereji," alisema Pang, "kwenye ghala langu dogo. Umesikia nini?"

Qiaoyun alisikia walichosikia wote siku kumi zilizopita: baiskeli ya umeme ililipuka ikichajiwa karibu na mlango, na mshona mapazia mmoja na mtoto wake wakafia darini, usingizini.

"Hawakuwa wamelala," alisema Pang. "Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilipita nikiita moto, moto. Mashine za chumba cha pili zinanguruma, sauti haifiki. Basi nikagonga bati kwa funguo. Nikagonga kwa nguvu zangu zote." Aliutazama mkono wake. "Halafu nikauinua mlango. Moshi umejaa, lakini niliiona ngazi. Inapanda. Wanaivuta juu, mama. Walifanya vile vile nilivyowafundisha, na mimi nimesimama chini naitazama."

Qiaoyun alikaa. Mgongoni, Miao alinyoosha mkono, akagusa funguo mezani, zikalia. Mtoto akaweka kidole mdomoni, akatulia kimya.

Wote wawili walimwona. Pang aligeuza uso ukutani.

"Sasa tutalala wapi?" Qiaoyun aliuliza. "Vyumba vya kijijini vimejaa. Nikikosa hapa nitamrudisha mtoto kwa mama yangu, mkoani Guizhou, nimwone mara moja kwa mwaka. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria." Alisimama. "Kesho saa mbili naenda polisi. Wakaguzi nimekwishawaambia kila kitu. Nao watafika chumbani kwako kesho hiyo hiyo. Usiku huu mmoja ndio unaonitia hofu."

Walirudi pamoja. Hongxia aliwaona, akatema ganda la alizeti. "Kaja kupima tena?" Pang aliingia chumba cha saba, akasimama chini ya tundu la dari, mbele ya ngazi ya mianzi ambayo Qiaoyun aliifunga kwa kamba kwa mikono yake mwenyewe. Hakuigusa.

"Ile ya ng'ambo sikuifikia, Mama Miao," alisema. "Naomba unipe hii."