Moduli ya Jeep ya Hospitali

Siku ya kwanza nilipoingia garaje pale Kasongo, Chef wa garaje hakunipa ufunguo wowote wa kufungulia injini. Alinisimamisha kando ya injini inayonguruma.

"Unasikia nini?"

"Kelele tu, Chef."

Akacheka, akanipa kitambaa nifute mafuta sakafuni. Nilifuta muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kushika hata buji moja, ile inayotoa cheche ndani ya injini. Ninyi vijana mnaofungua pikipiki kule Salamabila leo mnaanza na injini moja kwa moja. Sijui kama ni vizuri au vibaya.

Gari iliyonichanganya kuliko zote ilikuwa jeep ya hospitali, ya petroli. Asubuhi iliwaka bila shida. Ikipata moto njiani, inazima ghafla. Ikipoa, inawaka tena. Chef alisema petroli ni chafu, tukasafisha karabureta. Tukabadili buji. Tukabadili na bobini, inayozipa buji umeme mkali. Ikazima vilevile.

"Ramazani, hii motokari iko na shetani," Chef akasema, naye hakuwa mtu wa maneno hayo. Akaniamuru nisafiri nayo mpaka nijue ugonjwa wake.

Ndiyo maana nilikuwa ndani siku tuliyomchukua Zaina kutoka Kabambare. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Ilibidi afike hospitali ya Kasongo apasuliwe. Mama yake alikaa nyuma, amempakata kichwa. Karibu na Lusangi, jua likiwa kali, jeep ikazima.

Nilichomoa waya wa buji, nikausogeza karibu na chuma, dereva akazungusha ufunguo. Hakuna cheche. Basi petroli haikuwa na kosa. Lakini garajeni cheche ilikuwa nzuri, ya buluu! Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

"Papa fundi," mama akaniita, "mutoto wangu anaisha. Hii motokari iko na nini?"

"Sijui, mama."

Mama akamgeukia Zaina. Akalowesha kipande cha kitenge kwa maji ya kunywa, akamwekea binti yake kwenye paji la uso. Nikakitazama kile kitambaa. Nikarudi kwenye injini, nikagusa kitu kimoja kimoja. Moduli, kile kisanduku kidogo kinachokata na kurudisha umeme wa bobini ili cheche itoke kwa wakati wake, iliniunguza kidole. Lakini chini ya kapo, kile kifuniko cha injini, kila kitu kilikuwa moto. Sikuwa na hakika.

"Mama, nipatie hiyo kitenge."

"Ya mugonjwa?"

"Ndiyo, mama."

Akanipa. Nikakikamua vizuri, nikaifunika moduli nacho. Tukangoja. Dereva akazungusha ufunguo, ikawaka. Tukaenda hivyo, tukisimama kwenye kila kijito kulowesha kitenge, mpaka Kasongo. Zaina alipasuliwa. Alipona, na mtoto wa kike akalia.

Kesho yake Chef akaniruhusu kuchukua moduli ya jeep nyingine iliyolala garajeni bila kazi. Nikatoa waya wa batri, nikafungua skurubu, nikafuta vumbi, nikapaka chini yake ile pomadi nyeupe inayopitisha joto, nikaifunga. Jeep ya hospitali haikuzima tena.

Ile mbovu Chef aliipaka pomadi mpya, akaifunga kwenye jeep iliyolala, ili waya zisining'inie ovyo. Siku moja akajaribu kuiwasha jeep hiyo. Ikawaka, ikaenda mpaka Kabambare na kurudi, kwenye joto, bila kuzima. Iliendelea hivyo miaka.

"Ramazani," Chef akaniuliza, "tulibadilisha nini?"

"Sijui, Chef."

Labda moduli haikuwa mbovu, ila pomadi ya zamani chini yake ilikuwa imekauka. Labda skurubu ililegea. Nimeacha kazi sasa, macho hayaoni vizuri waya nyembamba, na bado nageuza jambo hili kichwani. Zaina hupita hapa kwangu akienda sokoni, hunisalimu, huwaambia watu, "Huyu ndiye alijua ugonjwa wa motokari." Namwitikia salamu. Hilo lingine, kwamba hata leo ugonjwa ule siujui, sijapata namna ya kumweleza.